Kitabu cha Kondoo cha Jotham Sprague

Bwana Penniman aliwashauri magavana watatu hapa Massachusetts. Alipokufa akauachia mji wetu vitabu mia mbili, na sharti: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mkuu wa nyumba aje mwenyewe, achukue kitabu kimoja, aandike jina la kitabu hicho daftarini kwa mkono wake mbele ya wadhamini. Sharti la kipuuzi. Lakini mimi nilipewa funguo tu, sikuombwa ushauri.

Keziah Sprague alifagia maktaba hiyo miaka ishirini. Aliishi kwa kaka yake Jotham, hivyo hakuwa mkuu wa chochote. Alitamani kitabu kimoja, cha safari za baharini, akawa anakipangusa vumbi hata kama halipo. Kukisoma palepale alikataa. Alisema amekuja kufagia. Kila mwezi alimsihi Jotham, na kila mwezi Jotham alichukua cha magonjwa ya kondoo.

"Kondoo tena!" Keziah alimfokea siku moja mbele yangu. "Hao kumi na mmoja wako wana ugonjwa gani usioisha?"

"Bado sijamaliza," Jotham akajibu, akaenda zake.

Machi hii Jotham alikufa. Jumamosi iliyofuata Keziah aliingia kwa mlango wa mbele, bila ufagio.

"Leo mkuu wa nyumba ni mimi, Bwana Lemuel. Nipe safari zangu."

Nikampa. Akakikumbatia, halafu machozi yakamtoka. "Lakini yule mtu, jamani! Miaka yote hiyo asinikumbuke hata mara moja?"

Nilikuwa nimemwahidi Jotham kufunga mdomo. Nikashindwa.

"Hakujua kusoma, Keziah. Nilimfundisha kuchora jina la kitabu kimoja tu, kile alichokitaka mwenyewe. Kilituchukua msimu mzima wa baridi. Cha pili aliona aibu kuniomba."

"Mbona mimi nilisoma?"

"Ulipopelekwa shule, nani alibaki na kondoo?"

"Ningemsomea," akasema. "Ningemsomea vyote."

Akanirudishia safari zake. Kwenye daftari, chini ya mistari ile iliyopinda ya Jotham, akaandika jina lilelile.

Jioni nilipita kwao. Dirisha lilikuwa wazi, na Keziah alikuwa akikisomea kiti kitupu habari za kuoza kwa kwato, kwa sauti, polepole, akitua kila mstari kama anayengoja kuulizwa swali.