Daftari la Wageni wa Mama

Tarehe kumi na mbili Januari iliangukia Jumapili, na asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti bafuni, nyumbani kwetu Al Warqa, Dubai, nikimkata mama kucha za miguu. Tarehe hiyo haitajwi kwetu. Ndiyo siku Sultani alipopanda meli akaiacha Unguja, na mama, msichana wa miaka kumi na saba, akajikuta chini ya serikali ya makomredi.

Alichokuja nacho Dubai miaka minane baadaye si hadithi za risasi bali mazoea. Akitaka kusema jambo la maana, hufungua bomba la maji kwanza. Picha ya harusi ya dada yake ina tundu juu ya vichwa vya watu: hapo ukutani palitundikwa picha ya Sultani, na babu aliikata kwa mkasi wa kushonea. Wala hakumsahau balozi wa nyumba kumi, jirani aliyeandika daftarini nani kalala kwa nani na kapikiwa nini. Mjomba wangu aliitwa kwa sababu ya wageni wawili waliokula wali kwake. Alirudi baada ya mwaka, na hakula tena mbele za watu.

"Fungua maji," mama alisema.

Nikafungua.

"Huyu binti uliyemleta anaandika."

"Anaandika nini, mama?"

"Nani kaja, saa ngapi kaja, kala nini. Mie nawajua hawa. Hata birika langu litakuwa limo."

Binti huyo, mtoto wa Unguja, alikuwa akimhudumia mama kwa miezi mitatu. Mama alikwisha kumhoji: baba yake nani, babu yake alifanya kazi gani miaka ile. Naye alijibu akicheka, "Bibi, meza dawa kwanza, halafu tuendelee na kesi."

Mimi sikucheka. Nilisoma historia chuo kikuu na ningeweza kumweleza yeyote kwamba zama zile zimekwisha. Hata hivyo, binti alipotoka kuanika nguo nilifungua droo yake. Daftari lilikuwemo, na ndani yake wageni wetu wote, kwa siku na saa. "Shangazi wa Al Barsha, alasiri. Kaleta visheti. Kamsema mkwewe."

Sikumwuliza. Nilimpigia wakala aliyemleta, naye akajibu, "Khalas, madam, kesho tunamchukua."

Mlangoni, binti aliyezoea kuniita dada aliniuliza, "Madam, nimekosa nini?" Nikamjibu kwamba mipango ya nyumbani imebadilika. Viza yake ilikuwa kwa jina langu; bila mimi hakuwa na budi kurudi kwao, na alirudi.

Siku ya nne shangazi alikuja tena. Alipoondoka, mama alinishika mkono.

"Nani alikuwa hapa?"

Nikamwambia.

"Na wiki iliyopita? Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Yule binti hunisomea. Nilimwambia aniandikie kila anayekuja na alichosema, nisije nikawauliza watu jambo mara mbili wakajua kichwa changu kinavuja." Akautazama mlango. "Kaenda wapi?"

Daftari nililikuta chini ya mto wa mama, binti alipoliacha ili mama asilikose. Nilikwenda nikafungua bomba, kisha nikalifunga.

Namba ya simu ya binti haikupatikana tena. Wiki tatu baadaye nikaandika barua. Katika ukoo wetu barua za Unguja ziliandikwa bila majina, kwa kuwa zilifunguliwa njiani. Aliyefungwa aliitwa mgonjwa. Barua yangu ya kwanza ilitoka hivyo hivyo, imejaa "mambo yaliyoingiliana". Niliichana. Ya pili, niliyompa jamaa anayesafiri, ilikuwa na jina lake kamili na langu kamili:

"Mdogo wangu, nilipekua droo yako nikasoma daftari lako. Nilimwambia wakala akuondoe bila kukuuliza hata neno moja. Mama ndiye aliyekuagiza uandike. Yeye alisahau, nami sikutaka kujua. Nimeanza kukuombea viza upya. Ukikataa kurudi, nitakuelewa, na barua hii mwoneshe mwajiri yeyote atakayekuuliza kwa nini uliondoka. Mama anakuulizia kila siku. Bado sijamwambia kwamba ni mimi."