Gauni Jeupe la Bibi Mkaa

Fundi alikuwa na jina alilopewa na mama yake, lakini mtaa mzima ulimwita Kesho Jioni. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, anapima, anachora kwa chaki, kisha anasema, "Njoo kesho jioni, mzee wangu, utaikuta inakungoja." Ukienda kesho jioni, unaikuta pale pale ulipoiacha, chini ya nyingine tatu, na fundi anakutazama kwa huruma kana kwamba aliyekukosea ni mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Uso wa mteja uliokunjamana ulimtisha tu, na neno kesho lilimwondoa mteja mlangoni bila ugomvi.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa juu ya tofali, na dirisha linalotazamana na la kinyozi. Mkewe alikaa pembeni kwenye kigoda, akishona vifungo na pindo kwa mkono.

Jumapili moja mchungaji alihubiri kwamba Mungu anataka ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Watu wa viti vya mbele wakageuka kumtazama fundi. Mmoja akakohoa. Fundi akainama, masikio yanamwaka moto.

Walipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Mama watoto, uongo basi. Kuanzia kesho."

"Kuanzia kesho?"

"Kuanzia leo," akasema haraka.

Na kweli aliacha. Jumatatu mteja wa kwanza akaambiwa, "Haitakuwa tayari wiki hii, wala ijayo usinitegemee." Dada mmoja aliuliza kama gauni limempendeza. Fundi akajibu, "Limekubana kiunoni, na kosa si la gauni." Dada yule aliondoka bila kusubiri chenji.

Kinyozi akapaza sauti dirishani, wembe mkononi. "Fundi, bora ulivyokuwa unadanganya! Watu walikuwa wanatoka hapo wanacheka."

"Mimi nashika amri, ndugu yangu."

"Umeishika kama fimbo."

Fundi hakujali. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Tena aligundua kwamba neno siyo lina raha yake: ukimpa mtu siyo, harudi kukusumbua.

Jumatano akaja Bibi Mkaa. Aliuza mkaa kwa makopo kwenye kona ya mtaa, na kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, eti asichafue nguo za watu. Miaka mingi alikuwa anaahirisha ubatizo. Sasa alikuwa amekubali, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili hiyo. Mkononi alibeba kitu kilichofungwa kwa magazeti, gazeti juu ya gazeti.

"Fungua wewe, mwanangu, mikono yangu unaijua."

Ndani mlikuwa na gauni jeupe.

"La marehemu dada yangu. Yeye alikuwa mtu wa mwili, mimi unaniona, ufito. Nipunguzie, Jumapili niingie nalo majini."

"Huwezi kuazima la mtu?"

"Mungu ameniona na nguo za mkaa maisha yangu yote. Siku hii moja anione na la dada."

Fundi aligeuza gauni. Mishono ilikuwa midogo kama mchanga, tena imepitishwa mara mbili, na begani kulishonwa marinda. Yote yangetaka kufumuliwa uzi mmoja mmoja. Katika kazi zote za ufundi, kufumua ndiyo aliyoichukia.

"Haiwezekani, bibi. Siwezi kulimaliza kabla ya Jumapili. Nakuambia ukweli."

"Basi nitamwambia mchungaji aniweke mpaka mwakani, wanapobatiza tena. Ahsante, mwanangu. Mwingine angenizungusha."

Akafungiwa gauni lake, akaondoka.

Mkewe fundi akakata uzi kwa meno. "Huwezi?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia. Mezani naona suruali moja."

Fundi alichukua debe la mkaa ili awashe pasi. Akaingiza mkono, akatoa kipande kikubwa, kikavu, kinacholia kama chuma ukikigonga. Mkaa wa namna hiyo haufuki, na usipofuka hautii doa kwenye kitambaa. Wateja wengine wa Bibi Mkaa walipata vipande vikubwa juu na vumbi chini. Fundi alichaguliwa vyake kimoja kimoja, tangu alipofungua kibanda, wala hakuwahi kuomba.

Alikishika kile kipande muda mrefu. Kisha akakirudisha debeni.

"Nimesema uongo," akasema.

"Lini tena?"

"Sasa hivi. Nimesema siwezi. Ninaweza. Sikutaka."

Mkewe akamsogezea viatu kwa mguu.

Pale kwenye kona palikuwa na wanawake wawili wananunua mkaa. Fundi akasema mbele yao, "Bibi, naomba lile gauni. Nilikudanganya."

"Wewe? Kesho Jioni aliyeokoka?" akauliza bibi. Wanawake wakacheka.

"Kufumua kunaniudhi. Ndiyo sababu, sina nyingine. Nisamehe."

Bibi alimtazama, mikono kiunoni. "Litakuwa tayari lini?"

Wanawake wakatega masikio. Mdomo wa fundi ulishaanza kwenda wenyewe kule ulikozoea. Akaufunga, akahesabu kichwani mishono, mabega, pindo.

"Jumamosi asubuhi. Nitakuletea mwenyewe."

"Nikae na neno lako, au niazime?"

"Azima, bibi, kama unaogopa. Mimi nitaleta."

Gauni likarudi kibandani, wakalifumua yeye na mkewe, huyu kashika upande huu, yule upande ule. Ijumaa akaja msimamizi wa kwaya na sare za haraka, na bei nzuri. Zamani angeambiwa kesho jioni. Jumatatu ile angefukuzwa. Fundi akasimama. "Kaka, najua una haraka, pole sana. Mkononi nina la mtu. Jumanne nitaweza. Kama ni mbali, ngoja nikupeleke kwa fundi mwenzangu." Msimamizi akakuna kichwa, akasema Jumanne si mbali.

Jumamosi asubuhi fundi alilipiga gauni pasi kwa mkaa wa bibi mwenyewe, akalibeba mikononi kama mtoto mchanga mpaka nyumbani kwake bibi. Bibi alikuwa ameshanawa mara kadhaa, lakini weusi ulibaki kwenye mistari ya vidole. Akakataa kuligusa.

"Geuza ndani nione."

Fundi akageuza. Bibi akakagua mshono kwa mshono, akitafuta kosa, macho karibu yaguse kitambaa. Hakusema limependeza. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia gauni la kuazima. Fundi aliliona, na bibi aliona kwamba ameliona.

Akalitungua lile la kuazima kwa ncha za vidole, akamtundikia begani.

"Ukipita, mrudishie jirani. Mwambie halikuhitajika."

Kinyozi alikuwa anafagia nywele mlangoni. "Kesho Jioni! La nani tena hilo, na utalimaliza lini?"

"La jirani," fundi akasema. "Nampelekea sasa hivi." Akapita.