Lundo Lililoacha Kupumua

Mama Miche alirithi kwa marehemu mama yake kitalu, chepe na lundo la mboji. Maneno makali alikuwa nayo tangu zamani.

Mama yake alilianza lundo hilo kwa majani makavu na samadi, na kila alipoanza jipya alitia humo konzi moja ya lile kuukuu. Alfajiri lilifuka mvuke. "Linapumua," mama alikuwa akisema, kama mtu anayemzungumzia mtoto aliyelala.

Miche michanga ilipoanza kuoza shingoni, Mama Miche hakumuuliza mtu. Aliukaanga udongo wote kwenye pipa, akalimwagia lundo dawa ya kuulia vijidudu, akatamba kwamba sasa hata mdudu atapiga hodi kabla ya kuingia.

Lundo likapoa kama jiwe. Mwezi wa pili ulipoingia, majani yaliyomo yalikuwa majani yale yale, na miche ikawa manjano. Kaka yake, aliyekuwa akikitamani kiwanja afyatulie matofali, akampa muda mpaka mvua: miche isipokuwa imesimama, kitalu basi.

Tena kukawa na lile jambo jingine. Kila asubuhi akichota maji, nyuma yake chepe lilikwangua lundo, taratibu, vile vile alivyolipindua mama. Akigeuka, chepe limeegemea ukuta, kavu. Hakumwambia mtu. Wangesema kachanganyikiwa, na wengine wangefurahi.

Bibi shamba alikuja, akanusa udongo, akakunja uso. Akamweleza kwamba udongo una viumbe wasioonekana kwa macho. Wao ndio huozesha jani na samadi, wakavunjavunja kile mzizi usichoweza kula mpaka kikawa chakula chake.

"Umewachoma wapishi, dada yangu," alisema, "halafu unashangaa chungu hakichemki."

Dawa yake ni kupanda wengine, akasema: udongo hai kidogo, majani, maji, subira. Lakini atautoa wapi? Pande zote palikuwa zege na vifusi. Udongo hai anaoujua yeye ulikuwa mahali pamoja tu. Siku ya maziko alikuwa amemwaga kikapu kizima cha lile lundo juu ya kaburi la mama.

Siku tatu alijitafutia visingizio. Ya nne akaenda mchana kweupe na ndoo. Majani ya kaburini yalikuwa yamenenepa mpaka yanatia aibu. Alipiga magoti.

"Mama, nimekuja kuomba, sikuja kuiba. Nilikosea."

Akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa na uvuguvugu na harufu ya viganja vya mama akitoka kazini. Akautia kwenye ndoo.

Aliuchanganya na majani mabichi na samadi, akafunika kwa gunia. Siku ya tisa, alfajiri, gunia lilifuka mvuke. Alipoitia miche mboji ile, ilichukua wiki kadhaa kuanza kurudisha kijani, mmoja mmoja, kwa kusitasita. Wingu la kwanza lilipotanda, kaka alifika na futi yake ya kupimia kiwanja, akaiona miche imesimama, akaikunja futi akaondoka.

Kesho yake chepe lilikwangua tena nyuma yake. Mama Miche hakugeuka. Aliendelea kumwagilia.

"Upande wa kushoto bado, mama," alisema.

Kukwangua kukahamia kushoto.