Ekzosi Isiyosikika

Leo nilikuwa kwa fundi wa pikipiki hapa Kakamega, nikingoja anibadilishie oili. Mzee mmoja wa boda alikuwa amefungiwa ekzosi mpya kwenye pikipiki yake kuukuu. Akapiga kiki, injini ikanong'ona tu. Akamkumbatia fundi na grisi zake zote! Mara akaganda, mkono kichwani.

"Fundi, toa! Rudisha ile ya zamani yenye tundu!"

"Kwani hii ina shida gani, mzee?"

"Mama watoto husikianga mngurumo nikifika darajani, ndio anaweka maji ya obusuma, ugali wetu. Sasa atasikia nini?"

Tulicheka hadi fundi akaangusha spana.

Jioni niliingiza pikipiki yangu nyumbani kimya kimya, kama kawaida. Jiko lilikuwa baridi.

"Ala, kumbe umefika?" akasema mke wangu.

Kesho narudi kwa fundi anitobolee ekzosi yangu.