Pingili ya Muwa Iliyopokea Simu

Basi jamani, mwaka ule simu za tochi zilipofika Ruhembe, Devota alikuwa na miaka kumi na sita na simu moja, aliyoachiwa na mama yake, Verdiana, alipokwenda kupika mgahawani Morogoro. Alilala nayo, alipalilia miwa nayo, hata chooni aliingia nayo. Bibi yake akamwambia, "Siku ikitumbukia, usiniite."

Mama alipiga kila Jumamosi saa kumi. Jumamosi moja alikuwa ameahidi kusema kama atarudi nyumbani au atabaki huko huko. Na asubuhi ya siku hiyo, chaji ikaisha.

Kwao hakukuwa na umeme. Devota akapanda baiskeli hadi Kidodi kwa mzee Lazaro, fundi redio aliyechaji simu za watu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Iache, uifuate saa tisa."

Devota hakufika hata kwenye kona. Alirudi kuuliza kama simu haipati moto. Akarudi kuuliza kama imeanza kujaa. Mara ya tatu alisema amesahau kanga yake, na kanga alikuwa amejifunga kiunoni.

Samson, mwanafunzi mwenzake, alikuwa pale akingojea redio ya baba yake. "Devo, mnyonyeshe basi! Huoni mtoto analia?"

Lazaro alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akachukua panga, akakata pingili ya muwa urefu wa simu. "Shika hii, mikono itulie. Ikiita, pokea. Na nisikuone kabla ya saa tisa."

Devota akaenda kukaa kando ya mto. Samson huyo nyuma yake: "Ngrii, ngrii! Pokea, we!"

Ili kumkomoa, Devota akaiweka pingili sikioni. "Haloo, mama?" Alikusudia mzaha, lakini mdomo ukaendelea wenyewe. "Nina hasira na wewe. Hapana, si hasira. Nimekukumbuka. Naogopa utapazoea huko."

Samson akaketi kando yake. Lori la miwa likapita, vumbi likatua.

"Kumbe kinachokusumbua si simu," Samson akasema.

"Si simu," Devota akajibu, akijifuta kamasi kwa kanga ile ile aliyodai kuisahau.

Saa kumi simu iliita akiwa nayo mlangoni kwa Lazaro. Jumamosi zote alizoea kusema, "Shikamoo mama, sisi wazima," basi. Leo alimwaga yote, kama alivyouambia muwa.

"Mwanangu, mbona hukusema? Nilidhani ukiwa na simu huna shida na mimi."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Haya. Mwisho wa mwezi narudi. Wapishi wapo wengi huku."

Lazaro akanyoosha mkono. "Na ile simu yangu?"

Devota akatema makapi ya muwa pembeni. "Nimeitafuna, babu. Ila mtandao wake ulikuwa mzuri kuliko wa hii."