Mlango wa Mama Mkwe

Safari hii niliifanya kwa ajili ya mama mkwe wangu, mtu ambaye sikuwa nimewahi kusemezana naye. Kwetu Wakurya mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Akija huku, wewe unapita kule. Miaka ile ya ujamaa alihama Matongo akaja kuishi kwa binti yake mdogo, jirani yetu hapa Nyamisangura. Kila Jumapili alikuja kanisani, akakaa nje chini ya dirisha, jua au mvua.

Kanisa letu lilikuwa na mlango mmoja, na mimi, mzee wa kanisa, nilisimama hapo hapo kuwapokea watu. Kisha nilikwenda kukaa kwenye benchi la wazee, mbele, nikiwatazama waumini wote. Fundi alikuwa ametaka milango miwili. Nilimwambia Mungu ni mmoja, mlango mmoja unatosha. Watu walipiga makofi, nami nikajiona mtu wa hekima.

Ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho ulipokaribia, mke wangu Bhoke aliniletea ujumbe.

"Mama anasema hatamchungulia mjukuu wake dirishani kama mwizi wa kuku. Asipoingia, anarudi Matongo moja kwa moja."

"Si aingie tu? Mila hizo zimepitwa na wakati."

"Nenda kamwambie wewe," alisema, akijua siwezi.

Nikamkumbuka Zakayo, tuliyesoma naye sekondari, sasa mzee wa kanisa katika kijiji kimoja wilayani Serengeti. Nilikuwa nimesikia kwamba kwao wakwe wote husali ndani.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la ushirika, juu ya magunia. Mchana nilishuka Matongo kwa shemeji yangu Chacha, mtoto wa mama huyo huyo. Alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akaniacha nishibe kwanza.

"Shemeji, nasikia umejenga nyumba ya Mungu ukamfungia mama yetu nje. Wale ng'ombe wako wa mahari tuwarudishe?"

Nilicheka peke yangu.

Ijumaa nilivuka Mto Mara kwa mtumbwi, nikatembea kuelekea Mugumu na vumbi lake. Jumamosi jioni nilifika kijijini kwa Zakayo. Nyumba mpya za udongo zilisimama kwa mistari, kama wanafunzi gwaridani. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, na kila upande nilioutazama niliona mlango.

"Zakayo, hili ni kanisa au kichuguu?"

"Kichuguu hakimwachi mchwa nje, ndugu Marwa."

Akanieleza. Zamani kila mtu alikaa kilimani kwake. Walipohamishiwa kijijini, mama mkwe wake alipewa kiwanja nyuma ya chake. "Nilikuwa naishi kama digidigi," alisema. "Nachungulia, nakimbia. Tukaona afadhali tutoboe kuta."

Jumapili nilishangaa zaidi. Zakayo aliketi nyuma kabisa, pembeni, pamoja na waliochelewa.

"Mzee mzima unakaa huku?" nilimnong'oneza.

"Nikikaa mbele nitatazamana na nani? Toboa milango hata kumi, bwana. Ukibaki kwenye benchi lako, mama yule hataingia. Hakimbii kanisa. Anakukimbia wewe."

Nakiri kwamba mlango haukunisumbua; nililihurumia benchi langu. Pale mbele koti langu lilionekana vizuri.

Jumatano nilirudi Nyamisangura. Nilipowaeleza wazee wenzangu, mmoja alisema, "Wenzako wakitoka Serengeti huleta kitoweo. Wewe umeleta mlango?" Walikubali, kwa sharti kwamba ukuta niubomoe mwenyewe. Nikaubomoa. Wapita njia walisimama kuniuliza kama nimebadili dini. Mbao za mlango zilikosekana, nikatundika mkeka. Kisha nikawaambia wazee kwamba benchi la mbele nimeliacha.

Jumapili ya ubatizo nilikaa nyuma, kwenye kona ya mbali, macho chini. Nilisikia mkeka ukisogezwa, ukasogezwa tena na tena. Waliingia hata wanaume ambao kwa miaka waliniambia kila Jumapili wana homa. Kama mama alikuwamo sikujua, na sikuthubutu kuangalia. Mtoto alilia maji yalipomgusa. Wimbo ukaanzishwa, na upande wa pili ikapanda sauti ya mwanamke, nene, ikiwatangulia wenzake nusu mstari. Bhoke huimba hivyo hivyo, nami nimemlaumu miaka mingi. Siku hiyo nilijua alikoutoa ugonjwa huo. Pale dirishani mama hakuwahi kuimba.

Baada ya ibada Bhoke alinijia.

"Mama anasema mlango ni mzuri. Ila kizingiti kiko juu, goti linamuuma. Na mkeka unanuka samaki."

"Miaka yote hakulalamika hata mara moja!"

"Alikuwa nje," Bhoke akasema.

Jumapili zake za dirishani siwezi kumrudishia, na hilo litabaki nami. Lakini nilijifunza jambo. Mgeni husifu, hushukuru, huondoka. Mwenye nyumba ndiye hulalamika. Kesho yake nilichukua nyundo na tindo, nikaenda kukishusha kizingiti.