Mwenye Mguu Mzito Atangulie

Siku hiyo naikumbuka kwa baridi yake kwanza, mwanangu, mengine yote yanafuata. Tulikuwa tumelala kwenye kibanda cha kwanza mlimani Kilimanjaro, kibanda cha mbao chenye paa la bati, na alfajiri nikaifuata ndoo nichukue udhu. Nikakuta maji yameota kioo juu. Mimi mtoto wa Mahurunga, niliyekulia kwenye joto la bonde la Ruvuma, karibu na mto unapoingia baharini, nikaweka kata chini nikatoa shahada. Usicheke. Nawe ungeitoa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, nasoma chuo cha ualimu. Chuo kilipeleka kikundi cha wanafunzi kupanda mlima, na wasichana tulikuwa wawili tu: mimi na Somoe, binti wa muuza vitambaa wa soko la Chikongola. Baba yake alimruhusu shingo upande, maana watu wa sokoni walishamwambia kuwa mwanawe atarudishwa kwa machela. Mwalimu aliyetuongoza naye alikuwa na sharti lake: msichana asilale peke yake kati ya wanaume, kwa hiyo mmoja akishindwa, wote wawili tunashuka. Basi safari yangu ilikuwa miguuni mwa Somoe, na ya Somoe miguuni mwangu.

Siku hiyo tulitakiwa kutoka kibanda cha kwanza hadi cha pili, kupanda mchana kutwa. Msitu ukaisha, tukaingia kwenye nyasi na mawe, hewa ikawa haba, unavuta kifua kizima unapata nusu. Wavulana wakaondoka mbio, mbele yao Hamisi, kijana wa Likombe mwenye mapaja ya mcheza mpira. Mimi nikawafuata, kwa sababu nilikuwa na nguvu na nilipenda zionekane. Somoe akabaki nyuma. Kila tulipokaa kumsubiri, sisi tulipumzika. Yeye akitufikia tu, tunanyanyuka. Kumbe aliyechoka kuliko wote ndiye hakupumzika hata kidogo.

Tulipofika kwenye kijito, nusu ya njia, Somoe alikaa juu ya jiwe midomo imempauka. Mwalimu akamtazama, akautazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka chini, akasema mpagazi mmoja atushushe sisi wasichana. Hasira zikanipanda. Nikamwambia Somoe kwamba kama alijijua ni goigoi, angebaki dukani kwa baba yake akapima vitambaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Ule wake niliuona mwepesi kwa kuwa sikuubeba mimi. Yeye aliendelea kutafuta pumzi tu.

Mzee wa Kichaga aliyekuwa akituonyesha njia alikuwa kando, anafunga kamba za viatu. Hakupandisha sauti.

“Binti,” akaniuliza, “huko kwenu mkitembea safari ya pamoja, mwenye mguu mzito anakaa wapi?”

Jibu nililijua toka utotoni. Kwetu maji yakipwa, wanawake hushuka kwenye matope ya mikoko kuokota kome, mbali na nchi kavu. Wakati wa kurudi, kabla maji hayajajaa, hujipanga mstari, na wa kwanza ni yule mwenye mguu mzito: bibi kizee, au mama mwenye mimba. Wengine hukanyaga alipokanyaga yeye, na ni mwiko kumpita. Mama aliwahi kunizaba kofi kwa kumpita shangazi yangu. Ukimwacha nyuma, maji yatamkuta peke yake na hakuna atakayejua.

“Mbele,” nikasema.

“Sasa mbona wenu yuko nyuma?”

Nikaona haya mpaka masikio. Nilitoka kwetu na koti la kuazima na viatu vya kuazima, nikasahau kutoka na cha kwetu chenyewe. Nikamwomba Somoe radhi mbele za watu, kisha nikamwomba mwalimu Somoe atangulie, asipitwe na mtu. Akakubali, ila ukungu ukifunga njia kabla hatujakiona kibanda, tutashuka. Hamisi akakataa katakata kufuata mwendo wa mwanamke, akashika njia yake.

Tukaanza. Somoe anapiga hatua, anavuta pumzi, anapiga nyingine, nasi nyuma yake. Korosho nilizotoka nazo nyumbani nikawa nampitishia begani moja moja. Mwanzoni nilidhani tutazeekea pale. Lakini hatukusimama tena, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsubiri, na wavulana walionung'unika wakapata hata pumzi ya kuimba. Juu kidogo tukamkuta Hamisi ameinama anatapika, kichwa kinamgonga. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Somoe akamshika mkono akamweka nyuma yake, maana sasa mguu mzito wa pili ulikuwa wa Hamisi.

Ukungu ulikuwa umetufika visiginoni tulipoliona paa la bati. Somoe akausukuma mlango wa kibanda kwa mkono wake, akasimama hapo akitutazama tunaingia, mpaka wa mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi. Tulikumbatiana tukacheka mpaka tukalia. Upepo ulipenya kwenye mbao, vitanda havikuwa na godoro, na sijapata kulala mahali nilipopapenda kama pale. Kilele nacho tulikifikia, kwa mstari ule ule, na baba yake Somoe alitembea Chikongola kifua mbele hadi watu wakamchoka.

Sasa sikia, wewe uliye na nguvu. Nyumbani, darasani, kazini, mtafute mwenye mguu mzito, mtangulize, mwendo wake uwe mwendo wenu. Usijidanganye kwamba unamsubiri. Ukikaa kumngoja na kunyanyuka akifika, umemkimbia. Na siku mguu mzito utakapokuwa wako, maana utakuwa, usione haya kutangulia.

Mungu akupe pumzi ya kufika, mwanangu, akupe na wa kufika nao, na mlango utakapofungwa nyuma yenu, nje asiwe amebaki mtu. Amina.